Miguu ya Zilpah

Lambwe,
12 Januari 2025

Owadwa Elkana,

Salamu nyingi kutoka huku. Wa nyumbani kwangu wote hawajambo, ingawa siku hizi wa nyumbani kwangu ni mimi, mbuzi saba, na yule paka uliyesema hatamaliza mwaka. Amemaliza mitatu. Mtama umesimama vizuri. Nyati wametoka mbugani mara mbili, wakala mahindi ya jirani wakayaruka yangu, na sasa jirani ananitazama kana kwamba nilikaa na nyati kikao. Mke wa mchungaji amejifungua pacha. Mama na watoto ni wazima, mchungaji ndiye amekonda.

Utauliza kwa nini barua na simu ninayo. Vidole vyangu vimekataa simu. Nikibonyeza tano, nne na sita zinaitika pamoja. Juzi nilitaka kuongea na Mourine wa kwaya, nikampata mwanamume wa Busia anayeuza matofali. Tuliongea vizuri, lakini si yeye niliyemtaka. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Barua itabebwa na Dahir, yule mzee wa ndevu za hina anayesafirisha viatu kila Alhamisi kati ya duka la nduguye hapa Homa Bay na duka lao la huko Migori.

Sasa jambo lenyewe. Wewe umefundisha baiolojia miaka kumi na tisa. Niambie, ngozi ya kiatu hupungua yenyewe? Tulipomzika mume wangu Fanuel nilivaa namba sita. Unavikumbuka, wewe ndiye uliyevipangusa matope. Mwaka uliofuata vilinibana, nikanunua namba saba kwa Mohamednur, huyo nduguye Dahir. Vikabana. Nikanunua nane. Sasa nane inanifinya hadi ibadani nakaa nimevua, na nina miaka hamsini na moja, si umri wa kuongeza mguu. Nimemwambia Mohamednur mbele ya wateja kwamba viatu vyake vinapungua kwa sababu duka lake ni la mabati na lina joto. Ameapa kwamba sivyo. Nimemwambia nina kaka msomi.

Nijibu kwa maandishi yanayosomeka, nimwonyeshe.

Dadako,
Zilpah

---

Suna, Migori,
3 Februari 2025

Nyaminwa Zilpah,

Nimeipokea barua yako nikiwa mzima, na ninafurahi kuhusu paka. Huku Suna vumbi limetumaliza. Malori ya miwa yanayopita kwenda Awendo yanaangusha miwa barabarani, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanafika darasani wakitafuna kama ndama. Tumepata mwalimu mpya wa hesabu, anaitwa Nyasuguta, Mkisii wa upande wa Nyamarambe. Ni mtu makini.

Swali lako ni zuri kisayansi. Ngozi ni kitu kilichokuwa hai. Ikikaa kwenye joto hupoteza unyevu, nyuzi zake hukaribiana, na kiatu kikajikunja. Duka la mabati katika joto la ziwani linaweza kabisa kufanya hivyo. Mwonyeshe huyo Mohamednur aya hii, nimeipigia mstari.

Upande wako, miguu ya mtu wa umri wetu huvimba jioni. Punguza chumvi, inua miguu kwenye kigoda, na usipime viatu baada ya saa kumi. Nyasuguta anaongeza kwamba upime miguu yote miwili, kwa kuwa haiwi sawa. Alikuwa amepita tu mezani kwangu.

Nitakuja Pasaka, Mungu akipenda na ratiba ikiruhusu.

Nduguyo,
Elkana

---

Lambwe,
23 Februari 2025

Owadwa Elkana,

Tuko salama. Mbuzi mmoja amezaa. Mama Beverlyne wa ng'ambo ya mto amepata wajukuu wawili kwa wiki moja, na hasemi jambo lingine.

Nilimpelekea Mohamednur barua yako. Aliisoma yote, akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima. Kisha akaingia nyuma ya duka akatoka na kipande cha kadibodi. Nilipokuwa nanunua zile namba saba alikuwa amechora mguu wangu kwa kalamu, kwa sababu alitaka kuniagizia viatu vya wazi. Akaniomba nikanyage mchoro uleule. Elkana, mguu wangu ulitokea nje ya mstari pande zote, kama ugali uliozidi sahani. Urefu na upana. Ilikuwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo usiniambie habari za jioni.

Mohamednur hakucheka. Aliniambia, "Mama, mimi nauza viatu miaka ishirini na sita. Viatu havijapungua. Ni wewe unaongezeka."

Nilitoka bila kumuaga, na hilo silo jambo la kujivunia.

Mengine mawili nakuandikia ili tu uyajue. Sisemi yanahusiana. Pete ya Fanuel ilikuwa imezama kwenye kidole hadi kikawa cheusi. Nilijaribu sabuni na mafuta ya kupikia. Mwishowe nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea milango pale sokoni, akaikata kwa msumeno mdogo huku mteja wake wa geti akisubiri. Nimeiweka kwenye bati la majani ya chai. Na kwenye kwaya, Mourine ameniondoa sauti ya kwanza. Unajua nimeiongoza tangu nikiwa msichana. Sasa nikifungua mdomo inatoka sauti ya baba yetu akiita ng'ombe. Ameniweka nyuma na wanaume wa besi, katikati ya Austine na yule mzee anayesinzia.

Umesema Pasaka. Nitachinja kuku.

Dadako,
Zilpah

---

Suna,
30 Machi 2025

Nyaminwa Zilpah,

Nimechelewa kujibu. Kulikuwa na mitihani, halafu maonyesho ya sayansi, halafu Nyasuguta alihitaji mtu wa kumsaidia kubeba vitabu vya hesabu kutoka ofisi ya elimu, na vitabu vilikuwa vingi, ikachukua Jumamosi kadhaa. Mimi ni mzima ila nimepungua kidogo na usingizi hauji haraka. Ni kazi.

Nimefikiria dalili zako. Hizi si za ngozi ya kiatu. Hizi ni za homoni. Nikueleze kama ninavyowaeleza wanafunzi. Chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, kuna tezi ndogo kama mbegu ya kunde, inaitwa pituitari. Juu yake kuna sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hiyo ya juu ndiyo chifu, na pituitari ni naibu wa chifu. Chifu hunong'ona tu. Naibu ndiye anayetuma barua mwili mzima kwa njia ya damu, na barua hizo ndizo homoni. Moja inaiambia tezi ya shingoni ichome chakula kwa kasi gani. Nyingine inaziambia tezi za juu ya figo zikuamshe asubuhi. Nyingine inaziambia figo zishike maji usije ukakauka. Nyingine inawaambia watoto wakue. Mama anayenyonyesha, msichana anayevunja ungo, wote wanangoja barua za huyo naibu.

Kwa hali yako naona kosa liko kwa tezi ya shingoni. Ikizembea, mtu huvimba na sauti huwa nzito. Inataka madini ya joto. Nimempa Dahir pakiti mbili za chumvi yenye madini hayo. Najua nilisema upunguze chumvi. Hiyo ilikuwa nadharia ya awali.

Pasaka sitaweza. Mvua, na barabara, na kuna warsha. Nitumie picha yako ya karibuni nione shingo.

Nduguyo,
Elkana

---

Lambwe,
23 Aprili 2025

Owadwa Elkana,

Hatujambo. Picha hii hapa, tumepigwa wanakwaya wote, niko nyuma. Alama iliyo kwenye paji la uso ni ya mlango. Chumvi nimekaushia samaki wa omena, imefaa sana.

Kuku nimemla mwenyewe.

Zilpah

---

Suna,
17 Mei 2025

Nyaminwa Zilpah,

Sitaanza na habari za shule leo.

Dahir alileta barua yako fupi, akakaa. Kwa kawaida haketi. Alikunywa chai mpaka ikaisha, ndipo akasema kwamba alama ya paji la uso si ya mlango. Alisema uligonga nguzo ya kanisa mchana kweupe, na wiki moja kabla uliingia ubavuni mwa ng'ombe wa Mourine kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Ng'ombe hakuwa amejificha. Mohamednur ndiye aliyemtuma aniambie, kwa sababu alijua wewe hutasema.

Nilichukua picha nikaitazama shingo. Shingo haina kitu. Nikaiacha mezani kando ya ile picha ya mazishi ya Fanuel. Nyasuguta alikuwa amekuja kuazima rula. Alizitazama zote mbili, akaniuliza, "Hawa ni dada zako wawili?"

Nikamwambia ni mmoja. Aliweka rula juu ya picha akaanza kupima. Taya limesogea mbele. Pua imepanuka. Nyusi zimetokeza. Miaka mitatu, Zilpah. Anayekuona kila Jumapili hawezi kuyagundua, yanakuja polepole kama magugu. Mimi ndiye ningeyagundua, kama ningekuja.

Nilikwenda kabatini nikafungua kitabu cha kidato cha nne. Ukurasa ule nimeufundisha miaka kumi na tisa. Homoni ya kukua, inatoka kwa pituitari. Ikizidi utotoni mtu huwa jitu. Ikizidi ukubwani, mifupa haiwezi tena kurefuka, kwa hiyo mikono, miguu na uso hupanuka. Chini yake kuna mchoro wa mkono. Huwa nautaja dakika mbili kengele ikilia, kwa sababu hautoki kwenye mtihani. Nilisoma pia nakala ya barua yangu ya Machi. Niliandika kwa mkono wangu "nyingine inawaambia watoto wakue", halafu nikakutumia chumvi.

Naona naibu wa chifu ameota uvimbe, na anatuma barua za kukua usiku na mchana bila kuulizwa na mtu. Mishipa ya macho inapita juu yake kidogo tu. Uvimbe ukiisukuma, mtu huacha kuona pembeni. Inafaa ufike kwa daktari upesi.

Jibu haya: Unatoka jasho kupita kiasi? Unakoroma? Meno yameachana? Kichwa kinauma? Ganzi mikononi? Kuna swali la sita ambalo kaka hawezi kumwuliza dada yake. Nyasuguta ameliandika kwenye karatasi yake, nimeigandisha kwa gundi, sijaisoma.

Nduguyo,
Elkana

---

Lambwe,
15 Juni 2025

Owadwa Elkana,

Salamu. Mvua ilikuwa nzuri. Wale pacha wa mchungaji wamebatizwa, mmoja alimpiga kofi askofu.

Majibu ni ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na ndiyo. Kuhusu kukoroma sina shahidi ila paka, ambaye alihamia jikoni. Swali la sita nimemjibu Nyasuguta kwenye karatasi yake na nimeigandisha tena. Mpe ikiwa hivyo.

Nilikwenda hospitali ya mjini. Mohamednur alifunga duka akanisindikiza, akabeba ile kadibodi kwenye mfuko. Daktari ni mwanamke mdogo, sikumtegemea sana. Nilianza kumweleza habari za viatu, nikaona ameacha kuandika ananitazama mikono. Mohamednur akatoa kadibodi. Daktari akasema huo ndio uchunguzi bora aliouona mwezi huo, na Mohamednur sasa hatusemeshi watu wa kawaida.

Kisha akaniambia nitazame pua yake tu, na yeye atasogeza kidole kutoka pembeni, nimwambie nikikiona. Nikangoja. Nikaendelea kungoja kwa adabu. Mwishowe nikamwuliza, "Daktari, utaanza lini?"

Akaniambia amekwisha sogeza mara kumi.

Hapo ndipo niliogopa, Elkana. Si kabla.

Siku nyingine nilifika bila kula, wakaninywesha maji ya sukari nyingi, wakawa wananitoa damu kila nusu saa. Daktari alieleza kwamba kwa mtu asiye na ugonjwa huu sukari ikipanda, homoni ya kukua hushuka chini. Yangu ilikaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Sukari yenyewe na presha pia zimepanda, hiyo homoni ikizidi huziharibu. Halafu nikapelekwa Kisumu kwenye ile mashine ya picha inayogonga kama fundi wa mabati. Uvimbe upo. Umezidi njugu mawe. Daktari anasema si saratani, ni uvimbe mpole uliokaa mahali pabaya.

Sasa wanataka kuutoa, na njia watakayopita ni puani. Niliuliza mara mbili nikidhani sikusikia. Wanaingiza vyuma puani hadi nyuma huko, wanautoa kidogokidogo. Nimekataa. Pua yangu ni ya kupumua na kunusa kama omena imeoza. Nimewaambia nitafikiria, na wewe unajua nikisema hivyo nina maana gani.

Jambo la pili. Tangu Februari umemtaja mwalimu wa hesabu katika kila barua ndefu. Umekonda. Hulali. Unabeba vitabu Jumamosi kadhaa, na mgongo huo haukuwahi kunibebea hata gunia la mtama. Wewe unasoma magonjwa yangu kwa barua, na mimi nasoma yako. Niambie ukweli nami nitafikiria upya habari ya pua.

Dadako,
Zilpah

---

Suna,
26 Juni 2025

Nyaminwa Zilpah,

Nimepokea barua yako saa nane mchana na ninaijibu saa tisa, ili Dahir asiondoke bila jibu. Yuko mlangoni, ameshika funguo.

Ni kweli. Nimemwomba Nyasuguta tuishi pamoja, na ameniambia atanijibu nikishaongea na watu wangu. Watu wangu ni wewe. Tangu mke wangu Roseline atutoke ni miaka saba, na uliniambia siku ile usinione nikihangaika, nitulie, nilee watoto. Nikatulia. Watoto wamekua wako Nairobi, na mimi nikaendelea kutulia kwa mazoea. Sikujua nitakuambiaje. Ana miaka arobaini na minne, hajazaa, ni Mkisii, na nilijua ungeniuliza hayo matatu kwa mpangilio huohuo.

Ndiyo sababu sikuja Pasaka. Hakukuwa na warsha. Najua nikiketi mbele yako dakika tano unanisoma kama gazeti. Na kabla ya Nyasuguta sikuja kwa sababu kila nikifika hapo naona kiti cha Fanuel. Kwa ajili ya aibu na kiti nimekaa miaka mitatu bila kukuona uso, na macho yako yakawa yanaisha. Kama kuna mgonjwa wa kutibiwa kwanza ni mimi.

Kuhusu pua: daktari anapita huko kwa sababu ndiko karibu zaidi. Ukipasuliwa kichwa kutoka juu itabidi wausogeze ubongo wote. Kutoka puani ni ukuta mwembamba tu wa mfupa. Mishipa ya macho ikisukumwa muda mrefu hairudi tena. Sikwambii hayo kama mwalimu. Tafadhali nenda.

Elkana

---

Lambwe,
6 Julai 2025

Owadwa Elkana,

Tarehe ni 11 Agosti, Kisumu. Nimekubali. Shule zitakuwa zimefungwa, kwa hiyo huna mvua wala warsha.

Nitakuambia jambo moja ambalo sikumwambia daktari, kwa kuwa hakuuliza. Mwaka jana na huu nilidhani watu wameacha kunisalimu. Natembea njiani, hakuna anayenisemesha, halafu ghafla mtu anatokea mbele yangu kama aliyetoka ardhini. Kanisani nilimpungia Mama Beverlyne akanigeuzia mgongo. Nikasema, basi, ndivyo mjane anavyofanywa. Nikaacha kwenda kwenye chama cha akina mama, nikaacha kupita sokoni, nikabaki na mbuzi.

Juzi Mourine alikuja kuniletea sukuma wiki, nikamweleza ugonjwa wangu. Akakaa chini. Akaniambia, "Zilpah, wote walisema umekuwa na maringo. Wanakusalimu, unapita."

Walikuwa wananisalimu kutoka pembeni, Elkana. Miaka miwili.

Ile hesabu yako ya mambo matatu ambayo ningekuuliza umeikosea. Ningeuliza moja tu, kama anajua kupika kuon, ugali wetu mgumu. Njoo naye Kisumu.

Zilpah

---

Lambwe,
14 Septemba 2025

Owadwa Elkana,

Nakusalimu wewe na Nyasuguta. Nimekuwa nyumbani wiki ya tatu na mambo yanakwenda. Mtama tumevuna. Paka amerudi kulala chumbani, kwa hiyo naamini kukoroma kumepungua, maana yeye hana unafiki.

Nilirudi kwa yule daktari wetu mdogo. Damu imepimwa, ile homoni imeshuka, si kabisa lakini imeshuka, na watanipima tena baada ya miezi mitatu. Presha imetulia. Naibu bado ni mdhaifu baada ya kuguswa, kwa hiyo kila asubuhi nakunywa kidonge badala ya barua yake kwa zile tezi za juu ya figo. Nikikisahau nakaa kitandani kama gunia. Daktari ameniambia pia bila kuzunguka kwamba nyama zilizovimba zitashuka, lakini mfupa ulioongezeka haurudi. Vidole vimepungua. Miguu ni namba tisa mpaka kaburini, na Mohamednur ameniagizia jozi mbili. Nilimwomba msamaha mbele ya wateja, kwa sababu mbele ya wateja ndipo nilipomtukana.

Sauti nayo haijarudi. Nilimwambia Mourine sasa niondoke kwaya kwa heshima. Kumbe Austine na wenzake walikuwa wamekwenda kumwona kabla yangu. Wamesema tangu nikae kwao besi imepata mtu anayejua wimbo unaanzia wapi, na yule mzee hasinzii tena. Nimebaki.

Nikipita njiani sasa nasalimu kila mtu, hata wale ambao hatukuwa na mazoea. Mama Beverlyne nimemsalimu mara nne kwa siku moja, mpaka akaniuliza kama ni dawa.

Kuna jambo la Kisumu sikuwaambia mlipokuwepo. Siku ile ya pili baada ya upasuaji, mchana, mlidhani nimelala. Pua ilikuwa imezibwa pamba, napumua kwa mdomo, kichwa kizito. Nilifungua macho nikatazama mbele, ukutani, kwenye ile kalenda. Sikugeuza shingo, nilikuwa nimekatazwa. Nikaona kalenda. Halafu nikaona kwamba upande wa kushoto wa kalenda kuna wewe, na upande wa kulia kuna yeye. Nyote wawili mara moja. Nilisahau kwamba dunia ni pana hivyo.

Nikafumba macho tena upesi, kwa sababu mlikuwa mnagombana na nilitaka kusikia. Nesi alikuwa amewaambia mpime maji ninayokunywa na mkojo ninaotoa, ili wajue kama ile tezi bado inaziambia figo zishike maji. Wewe ulishika jagi juu ukasema ni lita moja na robo. Nyasuguta akasema jagi linasomwa likiwa mezani, na ukiinama macho yalingane na mstari, na kwamba ni lita moja na mililita mia moja themanini. Ukasema tofauti ni ndogo. Akasema tofauti ndogo kila saa mbili kwa siku nzima si ndogo, akakuonyesha mchoro aliochora. Ukamwambia wewe ndiye mwalimu wa baiolojia. Akakuambia kwa sauti ya chini sana, "Na ulimtumia chumvi."

Ukaliweka jagi mezani, ukainama. Halafu mkacheka wote wawili, mmeziba midomo ili msiniamshe, na jagi la mkojo wangu likiwa katikati yenu.

Mama na Baba walikuwa wakigombana hivyo juu ya maziwa ya ng'ombe. Yeye akisema ni vikombe vitano, Baba akisema sita, kila asubuhi, hadi ng'ombe akafa. Sijasikia kelele hiyo tangu tulipokuwa wadogo, na sikujua kwamba nimeikosa.

Nimeongea na watu wa Nyasuguta huko Nyamarambe kwa simu. Mohamednur alinibonyezea. Nilianza kuzungumza, wakadhani ni mzee wa ukoo, wakawa na adabu sana, sikuwasahihisha mpaka mwisho. Wanatungoja Jumamosi ya pili ya Disemba. Tafuta koti linalokutosha, maana umekonda. Nami nitatangulia kuingia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Zilpah